Kuku anayeatamia ni mtaji, asiachwe peke yake

WAKAZI wa pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, wanapozungumzia fedha hutaja korosho, ufuta na samaki. Kuku wa kienyeji yumo karibu katika kila ua, lakini hahesabiwi. Anakumbukwa mgeni anapobisha hodi, mtoto anapodaiwa daftari au mgonjwa anapotakiwa kupelekwa zahanati.

Msimu wa korosho wa mwaka 2018/2019 ulitoa fundisho. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, baada ya bei za mnadani kukataliwa. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walikaa miezi kadhaa wakisubiri malipo. Katika kipindi kama hicho, kaya yenye kuku 20 wa kuuza haiko sawa na kaya yenye kuku watatu.

Swali ni kwa nini kaya nyingi hubaki na hao watatu mwaka hadi mwaka. Jibu si uhaba wa mayai. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15, akaatamia siku 21, kisha akalea kwa miezi miwili hadi mitatu. Akiachwa afuate mwendo wake, huweza kuangua mara tatu kwa mwaka. Kwa vifaranga 10 kila mara, hao ni vifaranga 30 kwa kuku mmoja. Wanaofikia kuuzwa ni wachache mno, kwa sababu wengine huchukuliwa na mwewe na kicheche, wengine hufa kwa baridi ya mvua, na wanaobaki hufagiliwa na mdondo.

Hivyo basi, hasara hutokea kati ya kiota na wiki ya nane, na hapo ndipo juhudi inapotakiwa kuelekezwa. Mashine za kutotolesha zina nafasi yake, lakini zinahitaji umeme usiokatika na mtu wa kuziangalia usiku na mchana. Mtetea hahitaji umeme. Anachohitaji ni mfugaji wa kumsaidia.

Msaada huo huanza kabla hajalala. Mayai yaokotwe kila siku na kuwekwa mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikielekea chini, yasipitishe siku 10. Joto la pwani huharibu haraka mayai yaliyoachwa juani au chini ya bati. Kiota kiwe na mchanga mkavu chini na nyasi laini juu, kwenye kona yenye giza kidogo, mbali na kuku wengine na kisipofikiwa na kenge. Utitiri na viroboto viondolewe mapema, kwa kuwa kuku anayeumwa na wadudu huacha mayai yakapoa. Maji na chakula viwe karibu, ili akishuka mara moja kwa siku arudi upesi.

Siku ya saba mayai yapimwe usiku kwa mwanga wa tochi. Yai lenye kiinitete huonyesha mishipa ya damu. Lisilo na kitu hupenya mwanga wote. Yasiyo na kitu yaondolewe, kwani yanachukua nafasi na joto la bure.

Aidha, ipo mbinu isiyogharimu kitu: kuatamisha kwa pamoja. Mtetea wa kwanza kulala apewe mayai mawili ya kumshikilia wakati wenzake wakisubiriwa. Wakifika watatu, yale ya kushikilia yaondolewe na wote wawekewe mayai mapya usiku mmoja, 12 kila mmoja. Kati ya mayai 36 wakianguliwa vifaranga 30, mitetea wawili hukabidhiwa 15 kila mmoja, tena usiku, na wa tatu hurudi kutaga. Hata hivyo, kuku mmoja asilazwe mfululizo bila kupumzishwa, kwa sababu anayeatamia hula kidogo na hupungua uzito.

Baada ya kuanguliwa, mama na watoto wasiachiwe kuzurura chini ya mikorosho. Wafungiwe kwenye tenga au banda dogo kwa wiki nne za mwanzo. Maji yawekwe kwenye sahani yenye vijiwe ili kifaranga asizame. Chakula si lazima kitoke dukani: chenga za mahindi au mtama, mchwa waliotegwa kwa chungu, na mabaki ya dagaa ambayo pwani hayakosekani, hutosha kuanzia.

Msimu nao una maana yake kibiashara. Mvua za Mtwara hunyesha Desemba hadi Aprili. Mayai yakiwekwa mwishoni mwa Aprili, vifaranga huanguliwa Mei, mvua ikiwa imekwisha na nafaka mpya inaingia ghalani. Kuku hao hufikia kuuzwa Novemba na Desemba, wakati fedha za korosho zinapozunguka na sikukuu zinakaribia.

Lakini hesabu hiyo yote ni bure bila chanjo ya mdondo. Ugonjwa huu huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, na hauna dawa. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na kutengenezwa nchini, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hutolewa kwa tone moja katika jicho, kifaranga na jogoo sawasawa, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kati ya mwaka 2002 na 2005 Australia iligharimia mradi wa kudhibiti mdondo kwa chanjo hiyo Tanzania, Malawi na Msumbiji. Kwa hiyo si jambo geni kwa upande wowote wa Ruvuma.

Kikwazo ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishachanganywa haikai. Mwenye kuku watano haoni sababu ya kuinunua peke yake. Hapo ndipo halmashauri na maofisa ugani wanapotakiwa kuonekana: watangaze siku ya chanjo kwa kila kijiji, wafundishe wachanjaji kutoka vikundi vya akina mama, na wahakikishe chanjo inafika Msimbati na Kilambo kama inavyofika mjini. Nao wafugaji wamtenge kuku yeyote aliyenunuliwa mnadani au ng'ambo ya mto kwa wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine.

Mwisho, mfugaji aandike tarehe ya kuweka mayai, idadi yake, walioanguliwa na waliofikia wiki ya nane. Mkaa na ukuta vinatosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kuku wa Mtwara hilo limekuwa likitokea kila msimu.