Sindano Kwanza, Mashine Baadaye

Bomet ikitaja saratani, wengi hufikiria koo. Miaka nenda miaka rudi Hospitali ya Tenwek imepokea wagonjwa wa umio wanaofika wakati hata uji haupiti. Saratani ya matiti haizungumziwi hivyo, ingawa ndiyo inayowapata Wakenya wengi kuliko nyingine yoyote.

Ndiyo maana toleo hili tumelitenga kwa MRI ya matiti, mashine inayopiga picha kwa sumaku, na wapo watakaoguna: mashine ghali namna hiyo, Bomet na Kericho? Tuanze na sifa zake. Mgonjwa hulala kifudifudi, matiti yakining'inia ndani ya koili yake maalumu, kisha hudungwa dawa ya picha, gadolini, mshipani. Uvimbe wa saratani huota mishipa inayovuja, kwa hiyo hung'aa mapema. Kwenye titi lenye tishu nzito, ambalo wanawake vijana ndio huwa nalo zaidi, mamografia huona weupe juu ya weupe. Utafiti wa Uholanzi wa 2019, wenye wanawake zaidi ya 40,000, ulionyesha kuwa kuwaalika wenye tishu nzito kupindukia kwa MRI kulipunguza kwa nusu saratani zinazozuka kati ya uchunguzi mmoja na mwingine. Madaktari huitumia pia kuona kama dawa zinazotangulia upasuaji zinausinyaza uvimbe.

Hata hivyo, picha ya MRI hung'aa pia kwa vivimbe visivyo na madhara. Kinachokata shauri ni sindano inayotoa kinyama, mtaalamu wa maabara anayekisoma, na vipimo vya homoni na protini ya HER2 vinavyochagua dawa. Shirika la Afya Duniani linataka jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Sasa mfikirie mama anayechuma majani ya chai kwa malipo ya kilo. Siku ya foleni hana kilo hata moja. Akiambiwa "rudi wiki ijayo" mara mbili, uvimbe usiouma atauacha mpaka bonasi ya chai, kama ana shamba lake. Wa kibarua hana hata hiyo ya kungojea.

Mwaka 2015 serikali kuu ilikodishia kaunti vifaa, mashine za mamografia zikiwemo, na kamati ya Seneti baadaye ikakuta baadhi vimelala tu. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kwanza wasomaji wa vinyama na ultrasaundi ya kuiongoza sindano, katika hospitali za Longisa (Bomet) na Kericho. Kisha MRI moja ya kaunti zote mbili, na mkataba wake utaje koili ya matiti kwa jina. Bila koili hiyo itapiga picha za magoti na migongo tu.