DHAMANA YA PANGO: KABWELA AMEGEUZWA BENKI

VIJANA mliopanga Mkonze mnaujua mchezo huu. Mkataba ukiisha, mwenye nyumba anakuja na jipya: kodi imepanda, na ile dhamana uliyoacha wakati wa kuingia "haitoshi" tena. Ongeza, au toka.

Tupige hesabu. Kijana wa bodaboda ana chumba cha sh. 50,000 kwa mwezi, na alipoingia aliacha dhamana ya mwezi mmoja. Sasa kodi iwe 60,000 na dhamana iwe ya miezi miwili. Kodi ya miezi sita ni 360,000, nyongeza ya dhamana 70,000. Jumla 430,000 taslimu, wakati mara ya mwisho alilipa 300,000. Akihama, huko aendako dalali naye anataka kodi ya mwezi mzima.

Dhamana si kodi. Ni fedha ya mpangaji, inayokaa kwa mwenye nyumba kwa ajili ya kioo kilichovunjika au bili iliyoachwa. Mtu amekaa mwaka mzima hajavunja hata kitasa, anaongezewa dhamana kwa kosa gani? Huo ni mkopo usio na riba, na mkopeshaji ni mlalahoi!

Hatusemi kila mwenye nyumba ni bepari. Wapo wajane na wastaafu ambao vyumba vitatu vya uani ndiyo pensheni yao. Ugomvi wetu ni na waliomfukuza refa uwanjani.

Refa alikuwepo. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilikuwa na mabaraza ya nyumba ya mikoa, ambako mpangaji aliweza kupeleka malalamiko. Mwaka 2005 Bunge lililojaa CCM likaifuta. Sheria ya Ardhi ya 1999 inazungumzia upangaji, lakini haimwambii mwenye nyumba mwisho wa dhamana ni shilingi ngapi.

Kisha, mwaka 2016, Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali inahamia Dodoma. Mwaka 2017 akaivunja CDA, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Watumishi wakamiminika, wakawakuta wanafunzi wa UDOM nao wanatafuta vyumba. Vigogo walipanga watakakoweka wizara. Mpangaji wa Mkonze hakupangiwa kitu.

Tunataka baraza la wapangaji lirudi, dhamana iwekewe ukomo, na irejeshwe kwa muda unaotajwa na sheria.

Kwa sasa, ndugu zetu, msitoe dhamana bila stakabadhi. Iandikwe "dhamana", mbali na kodi. Na mkataba ambao haujaisha, mwenye nyumba hana ruhusa ya kuubadilisha peke yake.

Bunge linakaa Dodoma hiyo hiyo. Waheshimiwa wakitaka ushahidi, waje Mkonze bila msafara, wajifanye wanatafuta chumba.