*KUMUUGUZA MAMA SI ANASA*



Kampuni ikinunua mafuta ya gari lake, gharama hiyo inatolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi. Mfanyakazi akinunua pampasi za mama yake aliyepooza, na kumlipa dada wa kumgeuza kitandani, haruhusiwi kutoa hata senti. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inayahesabu hayo kuwa matumizi binafsi.

*Tupige hesabu.* Mshahara 900,000. Toa 90,000 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, inabaki 810,000. PAYE ni 80,500. Kama 200,000 za matunzo zingetolewa kwanza, kodi ingekuwa 38,000. Tofauti ni 42,500 kila mwezi.

Tunaambiwa kumtunza mzazi ni wajibu wa familia. Ni kweli, na tunautimiza. Lakini mzee huyo asingekuwa na mtoto, mzigo ungekuwa wa Serikali. Anayeibebea Serikali mzigo hapaswi kutozwa kodi kwa kuubeba.

Na asiye na mshahara je? Mama lishe na kibarua wa shambani hawana PAYE ya kupunguziwa. Kwao tunadai pensheni ya wazee wote. Zanzibar inawalipa waliofikisha miaka 70 tangu 2016; Bara bado tunasubiri.

Madai haya mawili tunayapeleka mkutano wa kata. Mwenye stakabadhi za matunzo azilete ofisini. Tusiende na maneno matupu.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi_