MASHINE NDOGO, MILANGO MIWILI

Mvuvi wetu akijikusuru akatundika mashine ya farasi 15 tezini mwa mashua yake, hubishishwa milango miwili: huku leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2010, kule uandikishaji wa chombo kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, iliyoundwa 2009. Hatuikatai namba, chombo kisichoandikwa, kikipotea, nani atajua pa kukitafuta? Lakini Spice Islander haikukosa karatasi, nayo ilizama Septemba 10, 2011, ikija Pemba, imepakia kupita kiasi! Lililokosekana ni jicho gatini. Basi twataka ada moja, mlango mmoja, na mkaguzi ateremke pwani akague mbao, mashine na maboya, asije kuuliza stakabadhi tu.