Usimcheke mwenye simu ya torshi

Wananchi wenzetu, vijana wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni, Butembo, Lubumbashi na kwingineko,

Kuna swali linalorudi kila mara vijana wanapokutana: simu ya torshi ingali na kazi? Ile ndogo ya vibonye, yenye taa kichwani na radio ndani. Ama imepitwa, na kila mtu atafute androidi hata ya bei ya chini kabisa? Wengi wanalichukua kama swali la duka. Sisi tunalichukua kama swali la uraia, ju siku hizi mjini mtu asiye na WhatsApp anahesabiwa kama hayupo. Mkutano wa avenue unatangazwa kwenye grupu. Salongo inapangwa kwenye grupu. Mchango wa mgonjwa, kwenye grupu. Mama anayeuza sambaza pale Kadutu, anayelipa taksi ya soko kila siku na mwenye mengi ya kusema juu ya hiyo taksi, anasikia habari kesho yake, tena nusu.

Jibu letu tunalitoa mapema: simu ya torshi ingali imesimama. Kwa kazi fulani inaishinda androidi ya bei rahisi, na si kidogo. Kwa kazi zingine haiwezi kitu, na hapo tusidanganyane.

Tuanze na mfuko. Ukipita Birere na dola 10 hivi, unatoka na simu ya torshi mpya ya SIM mbili. Androidi mpya ya chini kabisa inakuomba dola 50 hivi, na kijana asiye na kazi anaipata kwa likelemba ama kwa deni. Muuzaji anakuonyesha kioo kikubwa na kamera. Memori hakuonyeshi. Tangu 2017 Google wenyewe walitangaza Android Go, Android iliyopunguzwa, kwa ajili ya simu zenye memori ya kazi ya GB 1 kushuka. Maana yake hata mwenye kuitengeneza anajua kwamba ile ya kawaida haitembei vizuri ndani ya simu hizo. Na kama nafasi ya kuhifadhi ni GB 16, mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, grupu zinamaliza iliyobaki, na kabla mwaka haujaisha unafuta picha za watoto wako ili upokee audio ya dakika nane ya mtu ambaye angeandika mistari miwili.

Halafu kioo. Androidi ikianguka toka kwenye moto, mtengenezaji anakutajia bei inayokufanya unyamaze. Simu ya torshi ikianguka unaokota vipande vitatu, kifuniko, betri na simu, unapachika, inawaka. Betri yake yenyewe, ile ya aina ya BL-5C, utaipata karibu kila soko.

Na moto wa umeme. Kwa mtu wa Kinshasa Gombe hili ni jambo dogo. Kwa mtu wa Ndosho ama wa Panzi, SNEL wakikata siku mbili, androidi inalala siku ya kwanza. Kisha unatafuta mahali pa kuchaji kwa kulipa, unaiacha kwa mtu usiyemjua, na hata hujui nani anaifungua. Simu ya torshi inakaa siku tatu, nne, na usiku inakuonyesha njia ya choo. Tunaandika hivyo bila aibu, ju ndivyo watu wanavyoishi.

Kuna pesa pia. Baada ya M23 kuingia Goma mwisho wa Januari 2025, mabenki yalifunga milango. Watu walikula kwa njia gani? Kwa simu. Ndugu wa Kinshasa ama wa Kampala anatuma, na wewe unaenda kwa muuza inite chini ya parasoli. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money zote zinafunguka kwa kuandika nyota na namba tu, bila mega hata moja: *1122# inajibu kwenye simu ya dola 10 sawasawa na kwenye simu ya dola 1000. Hapo aliyekuwa anachekwa na kijitelefoni chake hakukosa kitu.

Sasa upande mwingine. Simu ya torshi haina macho. Polisi akimpiga motari kwa fimbo, wanamgambo wakiweka barriere na kudai faranga, daraja likianguka mwezi mmoja baada ya kuzinduliwa kwa fanfari, anayeweza kuonyesha ni mwenye kamera. Mambo mengi ambayo wakubwa walitaka yafe kimyakimya yalijulikana ju kijana mmoja alikuwa na androidi yenye kioo kilichopasuka. Na kuna uvumi. Mtu wa simu ya torshi anapigiwa simu usiku, anaambiwa "kimbieni, wamefika", na hana pa kuangalia kama ni kweli. Mwenye androidi anaweza kutafuta, kuuliza watu wa mahali penyewe, kulinganisha. Anaweza, tunasema, kama anafanya hivyo ni habari nyingine.

Kuna imani moja ambayo tunaomba iishe. Baadhi ya makamaradi wanafikiri simu ya torshi ni simu ya siri, eti haina GPS basi hakuna wa kukupata. Si kweli. Kila simu iliyowashwa inaongea na antena, kampuni inajua SIM yako iko upande gani, na SIM hiyo imeandikishwa kwa jina. SMS haijafungwa kwa ufunguo wowote kati yako na unayemwandikia: kampuni inaweza kuiona, na anayeweza kuilazimisha kampuni anaweza pia. WhatsApp, tangu 2016, inafunga ujumbe toka simu hadi simu. Kwa hiyo jambo zito usiliandike kwa SMS. Lakini ukisimamishwa njiani na mtu mwenye bunduki anayesema "fungua simu", mambo yanageuka: androidi inatoa picha zako zote, grupu zako zote, na majina ya wenzako wote. Ile ndogo inatoa orodha ya namba na SMS chache. Kila moja iko na hatari yake, na anayetembea barabara za Kivu leo anapaswa kuijua kabla ya kutoka nyumbani.

Na bei rahisi si kila mara rahisi. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba androidi fulani za bei ndogo zilizouzwa Afrika zilitoka zikiwa na programu mbaya ndani, iliyokula inite na mega kwa kumwandikisha mwenye simu kwenye huduma ambazo hakuomba. Mtu masikini alilipa simu, halafu simu ikaendelea kumtoza.

Kulikuwa na njia ya kati. Mwaka 2019 Orange walileta Sanza, simu ya vibonye yenye mfumo wa KaiOS, kwa karibu dola 20, ikiwa na WhatsApp. Wengi tulifikiri jibu limepatikana. Lakini toka Juni 2024 huwezi tena kupakua WhatsApp kwenye KaiOS, na waliokuwa nayo tayari walipewa hadi mwanzo wa 2025. Kabla ya hapo, Oktoba 2023, WhatsApp iliacha androidi zote za chini ya toleo la 5. Kampuni moja ya Marekani inaamua kwenye mkutano wake, na simu ya mama wa Uvira inakuwa bubu. Hakuna aliyemuuliza.

Tukumbuke pia siku ambazo simu zote zilikuwa sawa. Januari 2015, watu walipoingia barabarani kupinga sheria ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti na SMS. Tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano ya Wakatoliki, ilikata tena. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, ilikata kwa siku karibu 20, na RFI nayo ikanyamazishwa kwenye FM. Kwa siku zile 20, androidi ya bei kali haikuwa na faida kuliko simu ya torshi: zote mbili zilibaki za kupiga na kupokea. Tofauti ilikuwa kwa watu. Waliokuwa wanajuana kwa namba, waliokuwa na orodha kwenye daftari, waliendelea kupigiana na kujua nani yuko salama. Wale ambao urafiki wao wote ulikuwa ndani ya grupu walipotea kabisa.

Na serikali, inapotaka pesa, inajua vizuri tofauti ya simu hizi. Toka 2020 ilituwekea RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G kupanda, zinakatwa kwenye inite vipandevipande, 0,17 ama 1,17, ili usishtuke. (Jina moja na memori ya simu, lakini hii haikuongeza mwendo wowote.) Mwenye androidi ya dola 50 alitozwa sawa na mheshimiwa mwenye simu ya dola 1000. Watu walikataa, vijana walitoka barabarani, kelele ikafika hadi bungeni, na 2022 ikaondolewa. Tunaitaja ju kila mwaka kuna mtu ofisini anayetafuta jina jipya la taksi ileile.

Haya yote yanatokea kwenye nchi ambayo koltani ya Rubaya na kobalti ya Lualaba zinaingia ndani ya simu za dunia nzima, ndogo na kubwa. Mchimbaji wa Rubaya naye ana simu ya torshi. Tunaacha hapo, ju hilo linahitaji andiko lake.

Basi tunaomba nini? Kwa kampuni za simu: forfe ya mega isiyokufa baada ya saa 24, na antena za vijijini zisiachwe zioze kwa sababu wateja wa kule ni wa 2G. Kwa serikali: umeme, na ahadi iliyoandikwa kwenye sheria kwamba mawasiliano hayatakatwa tena siku za uchaguzi ama za maandamano. Kwa kijana anayetaka kununua: kama una dola 50 na unazihitaji kwa chakula ama kwa minerval, kaa na simu yako ya torshi na usione haya. Kama unaweza kungoja, ongeza kidogo, chukua androidi ya memori ya kutosha hata kama imetumika, na ile ndogo usiitupe. Iweke SIM ya pili na uichaji kila Jumapili.

Na kwa vikundi vyetu vya mitaa, kuanzia mwezi huu: hakuna mkutano unaotangazwa kwenye WhatsApp peke yake. Kila kikundi kichague watu watano, kila mmoja awapigie ama awaandikie SMS wengine kumi wasio na androidi, mahali na saa tu. Inite zitoke kwenye sanduku la kikundi. Majina na namba ziandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani kwa mtu anayeaminika, si ndani ya mfuko wa mtu anayepita barriere. Na mwenye simu ya torshi akifika, apewe neno kwanza, ju yeye hakusoma mabishano ya jana usiku.