Kitambaa cha Nyanya si cha Kufutia Plagi
Safu ya Nyar Mfangano

Jumatatu nikitoka Mbita kwenda Sena, kisiwani Mfangano, injini ya boti ilizima katikati ya maji. Hilo halikunikera, ziwa hili tumelizoea. Kilichonikera ni yule kijana wa boti, alipochomoa plagi akaanza kuifuta kwa kitambaa cha kiti. Kitambaa cheupe, kimedariziwa kwa mkono: maua ya njano kila pembe, ukingo wa kroshia, na katikati, kwa uzi wa buluu, KARIBU MGENI.

“Mwanangu, hicho ni cha nani?”

“Cha nyanya, mama. Kimezeeka. Siku hizi tuna makochi.”

Nilimnyang'anya. Nahodha akaniomba nikae nisiyumbishe boti. Sikukaa mpaka nilipokigeuza.

Mama yangu alipokagua kitambaa, alianza na nyuma. Nyuma ya hiki sikuona fundo hata moja. Kila ncha ya uzi imepitishwa chini ya mishono mingine ikapotea. Kazi hiyo, kwetu, ilikuwa ya siku za mbalamwezi, omena hawavuliwi na hakuna cha kuanika. Ua lilichorwa kwa penseli, kitambaa kikabanwa kwenye duara, sindano ikapanda na kushuka mpaka jua lichwe. Kikifuliwa kilitiwa uji mwepesi wa muhogo, kikapigwa pasi ya makaa, kikalala kitini bila kunyauka. Bibi harusi aliingia kwake na rundo la vitambaa hivyo, na wakwe walivigeuza kimoja kimoja.

Shule ndiyo iliyotuharibia. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliwapa watoto sindano. Lakini masomo yalipopunguzwa, sindano ikatupwa. Kwingine kazi ya mkono bado inathaminiwa: Lamu kofia ya kudarizi kwa mkono huuzwa ghali na huvaliwa Idi. Hata hapa Mfangano, wageni hulipa kupanda Kwitone watazame miviringo myekundu na myeupe iliyochorwa mwambani na watu wa kale. Nami huipenda miviringo ile. Ila aliyechora duara lake kwa uzi yu hai, anakula nasi, na kazi yake tunaipaka grisi.

Nimekiloweka kitambaa mara tatu. Weupe umerudi, ua moja la njano limebaki jeusi. Kijana, kiko kwangu Sena. Njoo ukichukue, umrudishie nyanya yako mwenyewe, na umweleze lile ua.