Mapenzi na Mauti katika Ushairi wa Vita

Miaka kadhaa iliyopita nilitunga shairi la kumlilia binamu yangu, askari aliyefia kazini mbali na kwao. Lilikuwa na beti 12, vina vimetimia, mizani haipungui wala haizidi. Nilimwita simba, ngao, nguzo na radi. Nililisoma siku ya arubaini, na nilipomaliza shangazi yangu, mamake marehemu, alinishika mkono akaniuliza kwa upole: “Baba, simba nimemsikia. Mwanangu yuko ubeti gani?”

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeamini kwamba shairi la vita hupimwa kwa kile kitu kidogo kinachotuonyesha kuwa aliyekufa alipendwa. Sitiari kubwa kubwa aghalabu humfunika.

Tumtazame Keith Douglas, Mwingereza aliyepigana kwa vifaru Afrika Kaskazini, akauawa Normandy mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 24. Katika shairi lake “Vergissmeinnicht”, neno la Kijerumani lenye maana ya “usinisahau”, msemaji anarudi mahali alipopigana wiki tatu nyuma. Anaikuta maiti ya askari wa Kijerumani kando ya mzinga uliokipiga kifaru chake. Katika takataka za handaki imo picha ya msichana aitwaye Steffi, naye ameandika juu yake neno lile. Hapo kinaya kinafanya kazi yake: silaha ingali nzima, mwenyewe ameoza, ombi la mpenzi limesomwa, lakini msomaji wake ni adui. Mshairi hamwiti maiti yule fisi, wala hafichi ile ridhaa kidogo aliyo nayo kumwona ameanguka. Anaiweka tu picha mbele yetu, nasi tunatambua kuwa aliyemwua askari amemjeruhi pia msichana asiyemjua.

Wilfred Owen, aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kusimama, alitumia sauti. Katika “Strange Meeting” vina vyake hulingana konsonanti na kutofautiana irabu, mfano wa “penda” na “pinda” kwetu. Sikio linangojea ulinganifu, linapewa pungufu. Wanaozungumza humo ni askari na adui aliyemwua kwa mkono wake. Vina visivyotimia vinawafaa watu wawili ambao undugu wao umegunduliwa wakati umekwisha pita.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari kulijifunza jambo hili. Katika utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa asiyedhurika kwa silaha anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Anayemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Na aliyemfunulia siri hiyo ni baba. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anaweka mshale kwenye uta, na roho inamtoka katika hali hiyo. Watu wanaogopa kuteka maji. Mamake anakwenda kumbembeleza kama mtu abembelezaye mwana aliyekasirika. Sisi tunajua kuwa amekwisha kufa; mama hajui. Tofauti hiyo kati ya ujuzi wetu na ujinga wake inaliza kuliko kilio chochote ambacho mtunzi angekiandika. Na tazama alivyochagua vitu: sindano ya mshonaji inamwangusha jitu, na kisima kinachowapa watu uhai kinalindwa na maiti.

Wapo watakaosema kuwa sifa na majigambo ni urithi wetu, na kwamba jamii yenye msiba huhitaji kutiwa moyo. Ni kweli, nami sidai tuutupe urithi huo. Liyongo mwenyewe amesifiwa kupita kiasi, na pasingekuwa na sifa hizo sindano isingetisha. Lakini Kijumwa hakuishia kwenye sifa. Alimpa shujaa wake mama na mtoto, akatuonyesha jinsi kila mmoja alivyomgusa. Mimi nilimpa binamu yangu simba, nikaishia hapo. Aidha, tunapowafundisha vijana kuorodhesha tashbihi, takriri na tashihisi bila kuwauliza kila moja inafanya kazi gani, tunawazoesha kutunga kama nilivyotunga mimi.

Shairi lile nimelitunga upya. Limebaki na beti nne. Simba ameondoka, radi imeondoka. Imeingia simu aliyokuwa akiipiga kila Ijumaa baada ya swala, kumwuliza mama leo kumepikwa nini. Mizani ya ubeti wa tatu bado hainiridhishi. Hata hivyo nilimsomea shangazi, naye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie ule wa simu.